Kasa Mwekundu: maswali ninayoulizwa kila ninapoipigia debe filamu hii Lamu

Nikimwambia mtu hapa Lamu aitazame filamu ya katuni iitwayo La Tortue rouge, maswali huja kwa mpango uleule. Kwanza hucheka. Kisha: "Katuni?" Kisha: "Inasema lugha gani?" Nimejibu barazani mpaka kahawa imepoa mkononi, nimejibu kwenye mashua ya kwenda Shela, nimejibu msibani, Mungu anisamehe. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Asiyetaka kujua mwisho asome sehemu tatu za kwanza, ya nne aiache mpaka aitazame.

## Mambo ya mwanzo

Ni filamu gani hiyo, na inahusu nini?

Ni katuni ya dakika 80 iliyotoka mwaka 2016. Jina lake la Kifaransa ni La Tortue rouge, la Kiingereza The Red Turtle. Ukiitafuta tumia moja ya hayo mawili, kwani "Kasa Mwekundu" ni jina nililoipa mimi na halitakufikisha popote.

Mtu mmoja, ambaye hatuambiwi jina lake wala kwao, anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na watu. Anapata maji, anapata matunda, anapata msitu wa mianzi. Anaunda chelezo cha mianzi ili aondoke. Hajafika mbali, kitu kutoka chini kinakigonga chelezo mpaka kinasambaratika, naye anarudi pwani akiogelea. Anaunda cha pili, kinavunjwa. Anaunda cha tatu, na safari hii anamwona mvunjaji: kasa mkubwa, mwekundu gamba zima. Yanayotokea baada ya hapo ndiyo filamu yenyewe, na hayo siyasemi hapa.

Ni ya nchi gani? Mmoja kaniambia ya Kijapani, mwingine ya Kifaransa.

Wote wamesema kweli, na aliyesema ya Kiholanzi naye hakukosea sana.

Mwongozaji, Michaël Dudok de Wit, ni Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1953 na aliyefanya makao yake London. Alikuwa mtu wa filamu fupi fupi. Mojawapo, Father and Daughter ya mwaka 2000, ina dakika nane tu na ilimpa tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 akapata ujumbe kutoka Studio Ghibli ya Japani, wale waliotengeneza Spirited Away: je, angependa kutengeneza filamu ndefu, nao wasimame nyuma yake? Ghibli walikuwa hawajawahi kushirikiana hivyo na mwongozaji wa nje ya Japani. Isao Takahata, mmoja wa waasisi wa studio hiyo, akawa mshauri wake mkuu wa kisanaa. Kazi ya kuchora ikafanyika Angoulême, Ufaransa, katika studio ya Prima Linea, na Ubelgiji ikatia mkono.

Toka ujumbe ule mpaka filamu kuonyeshwa ni karibu miaka kumi. Fundi wa Matondoni akikaa na jahazi la mtu miaka kumi, mwenye mali atakuwa ameshamshitaki.

Kama ni nzuri hivyo, mbona hatujawahi kuisikia?

Wenye kufuatilia tamasha za filamu waliisikia. Ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 2016 na ikatoka na tuzo maalumu ya majaji katika kitengo cha Un Certain Regard. Mwaka uliofuata iliteuliwa kuwania Oscar ya katuni ndefu, ikashindwa na Zootopia, ile ya sungura askari ambayo watoto wenu wote wameiona.

Hapo ndipo penye jibu. Zootopia ina mikoba ya shule, fulana na sauti za watu mashuhuri. Kasa Mwekundu haina hata mhusika mwenye jina la kuandika kwenye mkoba. Kwetu filamu hupita kwa flashi na kwa maduka ya muvi, na kijana wa dukani hutia anachoulizwa. Hakuna anayemuuliza kitu asichokijua, basi naye haweki, na duara linaendelea.

Ni katuni. Si mambo ya watoto hayo?

Swali hili huulizwa na wanaume wazima waliokaa saa tatu wakitazama watu wakirushana kwa teke la angani.

Katuni ni namna ya kutengeneza picha, haipimi umri wa mtazamaji. Hii inazungumzia upweke, hasira, kosa lisilorudishika, ndoa, mtoto kuondoka nyumbani, uzee na kifo. Mtoto wa miaka minane atafurahia kaa na maji. Baba yake atakaa kimya. Kuhusu umri gani hasa na vipande vya kutisha, tazama "Naweza kuitazama na familia nzima?" hapo chini.

## Lugha na sauti

Inasema lugha gani? Ina maandishi ya Kiswahili chini?

Haisemi. Filamu nzima, dakika zote 80, haina sentensi hata moja. Kuna ukelele wa mtu anayeita baharini, kuna kicheko, kikohozi, pumzi, kilio cha mtoto mchanga. Basi. Maandishi ya chini hayapo kwa sababu hakuna cha kuandika.

Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza kwa watu wa hapa kuliko filamu nyingine yoyote ya kigeni. Bibi yangu alitazama filamu za Kihindi maisha yake yote kwa kuuliza "amesema nini?", na sisi wajukuu tukimtafsiria tusichokijua, tukitunga. Siku nilipomwekea hii, alinyamaza dakika kumi akisubiri waanze kusema. Walipokuwa hawasemi, akaanza kusema yeye. "Maji yamejaa. Asishuke sasa." "Upepo umegeuka, hatafika." Ikawa sisi ndio tunaomuuliza.

Hapo nikaelewa kuwa mambo yamepinduka. Mtazamaji wa Paris anaangalia bahari iliyochorwa vizuri. Mtu wa Langoni au wa Kizingitini anaisoma: anaona povu likikatika mbali akajua pana mwamba, anaona rangi ya maji akajua kina. Filamu ya kigeni ambayo sisi tunaielewa kabla ya wenyewe, ni ngapi hizo?

Je, ipo iliyotiwa sauti na DJ?

Sijaiona, na kwa heshima zote kwa DJ Afro na wenzake waliotufanya tupende filamu za mapigano, hapa hawana kazi. Ukimtia mtu anayesimulia juu ya picha hizi umemtia mtu anayepiga soga wakati wa khutba.

Kwa nini waliamua isiwe na maneno?

Mwanzoni yalikuwepo machache. Dudok de Wit aliandika hadithi, kisha akaimalizia pamoja na mwandishi wa Kifaransa Pascale Ferran, na wakabakiza vipande vidogo vya mazungumzo kwa kuogopa kwamba watazamaji hawataelewa uhusiano wa watu wale. Ni Ghibli waliowaambia: toeni yote, inajieleza. Wakatoa. Ili watu wasionekane kama masanamu, wakatia sauti za pumzi. Ukitazama kwa spika nzuri utazisikia pumzi hizo karibu kama mtu amekaa ubavuni kwako.

Muziki wake ukoje?

Ni wa Laurent Perez del Mar. Vinanda, na sehemu nyingine sauti ya mwanamke. Wanaojiepusha na muziki nimewaambia wazi kwamba upo, lakini sehemu kubwa ya unachosikia ni mawimbi, mvua, mianzi ikigongana na ndege.

## Kuitazama hapa kwetu

Mbona inakwenda polepole? Nilisinzia.

Inakwenda kwa mwendo wa bahari, na bahari haimkimbilii mtu.

Nakubali kwamba robo ya kwanza inamchosha mtu aliyezoea filamu inayoanza kwa gari kulipuka. Mtu anatembea pwani, anapanda jabali, anaita, hapana anayeitika, anateremka. Lakini fikiria umekwama mkondoni Mkanda maji yametoka, injini imezima, na unangoja yajae. Saa ile huwa unaangalia nini? Unaangalia kaa. Unaangalia kivuli cha wingu kikipita juu ya mikoko. Filamu hii imechukua saa ile ikaiweka kwenye kioo. Kaa wamo pia, kundi la kaa wadogo wanaomfuata yule bwana kila mahali, wakiiba chakula chake na kuchungulia mambo yake kama majirani wa mtaa mwembamba. Watoto huwapenda kuliko kitu chochote.

Ushauri wangu ni mmoja: simu iwe chumba kingine. Aliyesinzia, kila nikimdodosa, naambiwa alikuwa akijibu ujumbe.

Picha mbona nyepesi? Macho ni nukta mbili tu.

Nyuso zimefanywa nyepesi kwa makusudi, ili mtu asome mwili badala ya uso: bega lililoanguka, hatua inayosita. Watu wamechorwa kwa mkono, kalamu juu ya tableti ya kuchorea, fremu baada ya fremu. Mandhari ya nyuma yamechorwa kwa kalamu za makaa juu ya karatasi, na ndiyo maana mchanga na anga vina chembechembe unazoweza karibu kuzigusa.

Kasa na vyelezo vilitengenezwa kwa kompyuta, na sababu yake inampendeza kila mvuvi niliyemweleza. Gamba la kasa ni gumu na lina mistari. Likigeuka kidogo tu majini, mistari yote hugeuka pamoja nalo kwa kipimo kimoja. Mkono wa mchoraji ukikosea kwa unywele, kasa anaonekana kama mfuko wa plastiki.

Usiku wake nao una jambo. Hauna rangi ya bluu ile ya katuni. Ni kijivu na weusi mtupu, kama mbalamwezi ilivyo kweli ukiwa juu ya mashua mbali na taa. Kwa ajili hiyo usiitazame kwenye simu juani. Hutaona kitu.

Kisiwa chenyewe kiko wapi?

Hakipo kwenye ramani, lakini kina asili. Kabla ya kuchora, mwongozaji alikwenda kukaa La Digue, katika Shelisheli, akapiga picha za mawe, mimea, mawingu na kaa. Bahari aliyoichora, kwa hiyo, ni hii hii ya Hindi tunayoogea sisi. Majabali makubwa ya mviringo ni ya kule. Sisi tuna matumbawe na mafungu ya mchanga.

Mengine ameyatia mwenyewe. Mna mnyama wa baharini wa jamii ya sili amekufa ufukweni, na huyo hapatikani upande huu. Wazee wamemwona wakaniuliza ni nguva gani ana manyoya. Chukulieni ni kisiwa cha hadithini.

Naweza kuitazama na familia nzima? Hakuna mambo ya aibu?

Nitasema yote, kila mtu aamue na nyumba yake.

Kuna mwanamke anayetokea bila nguo. Amechorwa kwa mistari michache, sehemu kubwa amefunikwa, na baadaye anavaa shati. Yeye na yule bwana wanaishi kama mke na mume. Hakuna tendo linaloonyeshwa. Mama mmoja aliniuliza kwa ukali, "Na nani aliwaozesha?" Nilimjibu kwamba kisiwani hapakuwa na kadhi. Hakufurahi, ila alibaki mpaka mwisho.

Ya kutisha ni matatu. Mtu anateleza katika ufa wa jabali na kuangukia dimbwi, na njia pekee ya kutoka ni tundu jembamba chini ya maji. Mwenye hofu ya kubanwa afumbe macho. Pili, kuna pigo kwa mnyama. Tatu, kuna wimbi kubwa linalovuka kisiwa. Hili la tatu nawaonya hasa wale waliokuwa pwani tarehe 26 Desemba 2004, siku mawimbi ya Sumatra yalipofika mpaka huku. Mtu mmoja wa Malindi alitoka nje kipande hicho kikianza, akarudi kilipokwisha.

Marekani waliipa alama ya PG, yaani watoto watazame na mzazi. Mimi nasema miaka saba au minane na kuendelea, mtu mzima akiwa ndani.

Nitaipata wapi?

Njia safi ni kuinunua au kuikodi mtandaoni, au kumwagiza anayesafiri akuletee diski. Kwa kuwa haina lugha, diski ya nchi yoyote inafaa: ya Japani, ya Ufaransa, yote ni sawa. Angalia tu kama mashine yako inakubali diski za eneo hilo. Ukiinunua mtandaoni, ipakue usiku mahali penye waifai. Kuitazama moja kwa moja kwa bando la simu, mtandao ukikatika wakati kasa anapotokea, utatukana.

Nataka kuionyesha mtaani, shuka ukutani na projekta. Nifanye nini?

Kwanza ruhusa. Kununua nakala ya kutazama nyumbani hakukupi haki ya kuonyesha hadhara, hata kama hutozi kiingilio. Unahitaji kibali cha wenye filamu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini inasimamia maonyesho ya hadhara. Waliokaa sebuleni kwako kula mahamri ni wageni, hao hawana neno.

Kisha wakati. Kati ya Magharibi na Isha hapana dakika 80, usijaribu. Nimejaribu, ukumbi ukanyanyuka wote wakati wa wimbi. Anza baada ya Isha.

Kisha upepo. Wakati wa kusi shuka litacheza na kisiwa kitacheza nalo. Funga pembe zote nne na utie uzito chini, au tumia ukuta uliopakwa chokaa, ambao ni bora kuliko shuka. Na pesa zako zitie kwenye spika kabla ya projekta. Filamu isiyo na maneno ikikosa sauti haibaki na kitu.

## Kwa waliokwisha kuiona

Yule mwanamke ni jini?

Kila mara. Hakuna mara niliyoionyesha swali hili likakosa.

Filamu haielezi. Yule bwana anampiga kasa, kasa anakufa juani, gamba linapasuka, na ndani yake pamelala mwanamke mwenye nywele nyekundu. Huku kwetu hatukosi hadithi za jini wa baharini anayeolewa na binadamu kwa masharti, na siku sharti linapovunjwa anarudi alikotoka. Waairishi na Waskoti wanazo za mwanamke-sili ambaye mume amemfichia ngozi asiweze kurudi majini. Wajapani nao wana Urashima Tarō, mvuvi aliyemwokoa kasa.

Tazama lakini tofauti. Katika hadithi nyingi za namna hii mwanamke ameshikwa: kwa sharti, au kwa ngozi iliyofichwa. Hapa hakuna aliyefichwa kitu. Ni yeye mwenyewe anayelisukuma gamba lake baharini liende, na yule bwana, alipoona, akakisukuma chelezo alichokuwa anakiunda nacho kiende. Kila mmoja kaachilia chombo chake cha kuondokea. Kama huyo ni jini, basi ni jini aliyekuja kwa hiari, na mume aliyebaki kwa hiari. Mimi naridhika na hapo, sina haja ya jina.

Kwa nini kasa alikuwa anavunja vyelezo?

Barazani kuna kambi mbili. Kinamama wengi husema alimpenda toka mwanzo na hakutaka aende. Wavuvi husema alimwokoa: mtu peke yake juu ya mianzi iliyofungwa, hana maji, hana pa kujisitiri na jua, akipita mwamba tu amekwisha. Wanaongeza kwamba kasa alivunja chombo mara tatu na mara zote hakumgusa mwenyewe. Hata walipotazamana uso kwa uso chini ya maji, alimwacha akaenda zake.

Naegemea kwa wavuvi, lakini sipigani.

Kwa nini alimpiga vile? Nimemchukia.

Hapa ndipo filamu ilipo, na hapa ndipo mtazamaji wa kwetu anaona asichokiona wa Ulaya.

Kasa anapanda pwani jioni. Yule bwana, na hasira ya vyombo vitatu, anamkimbilia, anampiga kwa mwanzi kichwani, kisha anampindua chali. Mgeni anaona mtu amemsukuma mnyama kwa hasira. Mzee wa huku anaona kazi. Kumpindua kasa ndiko kumfunga: akiwa chali hawezi kujigeuza, uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu, na jua linamaliza. Waliokuwa wakiwinda kasa pwani zote za dunia walifanya hivyohivyo. Majini Wabajuni walikuwa na ufundi wao wa kumfunga kamba yule samaki wa kunata, wengine humwita chazo wengine taza, na kumwachia amgande kasa. Pwani, ni kupindua.

Tena kasa anayepanda mchangani karibu kila mara ni jike, kwa sababu dume halina haja ya nchi kavu. Mzee mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo zamani, kabla hajaiacha, alikuwa amekaa nyuma siku niliyoonyesha. Mtu alipiga makofi kasa alipopinduliwa. Mzee akasema, si kwa sauti kubwa: "Huyo amekuja kuzaa."

Kuhusu kumchukia, nadhani mchoraji anataka umchukie, kwa sababu yule bwana anajichukia. Anakwenda kuvua, anarudi, anamkuta kasa hajatikisika. Anajaribu kumwamsha. Analeta maji. Mwili wa mwanamke unapotokea anamjengea kivuli cha majani jua lisimchome. Hakuna anayemwambia "samahani" wala "nimekusamehe", maneno yenyewe hayapo. Kuna mtu anakwenda na kurudi na maji mkononi.

Je, kasa mwekundu yupo kweli?

Mwekundu namna ile, hapana. Wapo wenye gamba la hudhurungi inayoelekea wekundu. Bahari ya Kenya ina aina tano za kasa, na wanaotaga hapa kwa wingi ni kasa wa kijani. Ng'amba, yule wa gamba la madoa lililotengenezwa vitana na mapambo, ni wa nadra. Wote wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na Shela na Watamu kuna watu ambao kazi yao ni kulinda viota. Rangi ile nyekundu ni ya kumtenga huyu na wenzake, na mtoto wao anapokua utaona anaogelea na kasa wa kijani kama ndugu.

Mtoto wao alikwenda wapi?

Baharini, pamoja na kasa watatu. Zaidi ya hapo hatuambiwi. Ila angalieni wazazi: hawamzuii. Mwenye mtoto aliyekwenda Mombasa au Jeddah hahitaji maelezo yangu.

Mwisho umeniacha njia panda. Amekuwa kasa tena?

Ndiyo. Bwana amezeeka, amelala mchangani usiku, hakuamka. Mke analala kando yake, mkono wake unashika mkono wa mumewe, na mkono ule unakuwa kikono cha kasa. Kisha anajikokota polepole mpaka majini.

Kuna wanaosema yote ilikuwa ndoto ya mtu anayekufa kwa kiu, na kwa kweli mapema kwenye filamu anaota vitu vingi, hata wapiga vinanda ufukweni. Siwezi kumkatalia mtu. Bibi yangu hakuona tatizo lolote. Alisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akainuka kwenda kulala.

Nimeipenda. Nitazame nini baada yake?

Father and Daughter ya mwongozaji huyuhuyu, dakika nane, na kitambaa mkononi. Kisha Flow ya mwaka 2024, ya Gints Zilbalodis wa Latvia: paka na wenzake ndani ya mashua, dunia imefurika, nayo haina neno hata moja, hiyo ilichukua Oscar mwaka 2025. Nisiongeze nyingine, nisije nikawa yule mgema.

Nilimwekea mzee wangu. Ilipokwisha hakusema kitu, akatoka. Amekasirika?

Mpe siku mbili tatu. Yule mzee niliyemtaja hapo juu naye alitoka bila salamu, nikadhani nimemuudhi. Siku ya tatu alibisha hodi baada ya Alasiri, akakaa, akanywa kahawa vikombe viwili, akazungumzia bei ya mafuta ya boti. Alipokuwa anainuka ndipo akaniuliza kama naweza kumwekea tena, si yote, pale tu anapomletea maji.